Miaka Tisa ya Kufuta Skrini, na Chupa Isiyokuwa ya Maji

Jumanne ile, saa nne asubuhi, nilimpiga mwanangu kofi la mkononi. Sikuwahi kumpiga kabla ya hapo. Chupa ilimtoka, ikaanguka, kifuniko kikafyatuka, na kilichomwagika kikanuka duka zima kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nasra ana miaka mitatu. Alikuwa na kiu, akaona chupa ya nusu lita ya maji ya kunywa, ina karatasi yake ya bluu kama ile anayonunuliwa kila siku, akaiinua kwa mikono miwili. Humo ndani hamkuwa na maji. Mlikuwa na dawa ya kung'olea gundi kwenye kompyuta.

Mwenye duka, ambaye sote tunamwita Mangi kwa sababu ni mtu wa Kilimanjaro na ndivyo Kariakoo inavyowaita wenye maduka wa kule, aligeuka kutoka kaunta. Akamtazama mtoto anayelia, akatazama sakafu, akasema, "Si hajanywa lakini?"

Subira yangu iliishia hapo. Nilikuwa nimeshasema habari ya zile chupa mara tatu, kwa upole, kwa utani, kwa kuomba. Nikajibiwa mara tatu kwamba nina wasiwasi. Nitaeleza nilichofanya baada ya hapo. Lakini kwanza lazima nieleze kazi yenyewe, maana asiyeijua atadhani ni ugomvi wa mwanamke na chupa. Na nyie wadogo zangu mnaoanza, mnaokuja kuniuliza ghorofani "dada, hiki kioo tunafutaje", mnastahili kusikia yote pamoja, kazi na kosa lake.

Mimi sijastaafu. Nina miaka ishirini na tisa. Ila kazi hii nimeifanya miaka tisa na ofisi tatu, na wengi walionifundisha hawapo tena kazini, kwa hiyo nimeona nina haki ya kukaa chini na kusimulia kama mzee.

Siku ya kwanza nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka ya kawaida, nyumbani hakuna wa kunisomesha zaidi. Kampuni moja ya usafi ikanichukua na kunipeleka kwenye ofisi ya ghorofa saba karibu na Posta. Bosi wangu alikuwa Msimamizi wa Usafi, mama mrefu aliyevaa miwani shingoni badala ya machoni. Tulimwita Madam. Alinipa ndoo, fagio, vitambaa vilivyokatwa kutoka kwenye kanga kuukuu, na chupa ya dawa ya vioo, ile ya bluu yenye mdomo wa kupulizia. Akaniambia ghorofa ya nne ni yako, vioo vyote ving'ae.

Nikafanya kama nilivyoambiwa. Madirisha, meza za vioo, milango. Kisha nikaona kompyuta zimejaa vumbi. Kioo ni kioo, nikajisemea. Nikazipulizia dawa moja baada ya nyingine zikiwa zinawaka, nikazisugua na kanga kwa nguvu zangu zote, kumi na moja kwa idadi, nikarudi nyuma kujisifu. Ya Ofisa Utumishi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuonyesha. Katikati yake palitokea wingu jeupe, kama mtu kapumulia kioo na pumzi ikakataa kuondoka. Nikaongeza dawa. Wingu likakua.

Madam alikuja, akavaa miwani kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Nani kakwambia hiki ni kioo?"

"Si kioo, Madam?"

"Kioo ni kile cha dirishani. Hiki ni ngozi. Wewe ngozi ya mtoto unaisugua kwa dawa ya choo?"

Nilikuwa sijazaa bado, lakini niliielewa. Alinieleza kwamba juu ya skrini bapa kuna utando mwembamba sana unaozuia mwanga usikurudie machoni. Dawa ya vioo ina amonia, ndiyo ile harufu inayokupiga puani, na amonia inaula ule utando. Spiriti kali inaula. Thina, ile ya kuyeyushia rangi, inaula upesi zaidi. Ukishalika haurudi, hata ufute mwaka mzima. Nilidhani nitafukuzwa siku ile ile. Badala yake alinishika bega, akanipeleka kwenye kompyuta ya kumi na mbili, ambayo kwa bahati sikuwa nimeifikia, akanifundisha mpaka saa ya kutoka.

Hayo aliyonifundisha ndiyo nayafanya mpaka leo. Unazima kwanza na kuchomoa waya ukutani, unasubiri ipoe. Wengi hawana subira hii. Skrini ya moto inakausha umajimaji kabla hujaufuta, unabaki na michirizi. Halafu ikiwa nyeusi ndipo unaliona vumbi vizuri, skrini ikiwa inawaka unaona picha tu. Unaondoa vumbi kavu kwanza, kwa kitambaa laini cha nyuzi ndogo, kile kinachouzwa kwenye maduka ya miwani na ya magari. Kitambaa kikavu kinachukua vumbi. Ukianza na maji, vumbi linageuka mchanga na wewe mwenyewe ndiye unayekwaruza. Tishu hapana. Karatasi ya chooni hapana kabisa. Fulana kuukuu labda, kama huna kingine, na iwe haina mshono.

Kama doa limebaki, unalowesha kitambaa. Nasema kitambaa. Ukipulizia skrini, matone yanateremka mpaka ukingo wa chini, yanaingia ndani ambako ndiko nyaya nyembamba za picha zilipo, na kesho unaona mstari wa kijani uliosimama kama mlingoti. Kitambaa kiwe na unyevu tu, ukikikamua kisidondoshe. Unafuta bila kukandamiza. Madam alisema mkono uwe kama unampaka mtoto mchanga mafuta utosini. Kisha kitambaa cha pili kikavu, kisha unasubiri ikauke ndipo urudishe umeme.

Kuna jambo moja halikuwemo kwenye mafunzo yoyote, nalo ni maji yetu. Maji ya visima vya katikati ya jiji yana chumvi. Unafuta skrini ikiwa nyeusi na safi, inakauka, inabaki na madoa meupe kama umenyunyiza unga. Madam alikuwa akitumia maji ya betri, yale safi ya kuongezea betri za magari, yasiyo na tindikali ndani yake. Aliyanunua kituo cha mafuta kwenye dumu, na dumu lilikaa kabatini limefungwa, limeandikwa kwa kalamu nene nyekundu. Kabati lile ufunguo wake ulikuwa kwenye mkufu wa miwani. Nilikuwa namwona ana roho mbaya. Sasa namwona tofauti.

Nilikaa pale miaka mitatu. Kampuni ilipopoteza kazi ya lile jengo, Madam akastaafu na mimi nikahamia Mchafukoge, kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi lenye kompyuta nane. Mwenye duka alikuwa bibi wa Kimwambao ambaye familia yake imekaa mtaa ule tangu nyumba zote zikiwa za chini. Kila mtu alimwita Bi Mkubwa, na nilipoingia asubuhi ya kwanza na kumwamkia shikamoo, alijibu marahaba huku akiniangalia mikono.

"Mikono hii inafua au inavunja?"

Nikamwambia inafuta. Akacheka, nikaajiriwa.

Shida ya duka lile ilikuwa ya aina yake. Wateja walikuwa wanalalamika kwamba kompyuta za Bi Mkubwa zinaumwa homa ya manjano, picha zote zina rangi ya chai. Mafundi wawili walikuwa wameshazifungua na kuzifunga. Nilipofuta na kitambaa kikavu, ule unjano ulisogea tu kama siagi kwenye mkate. Kilikuwa kitu chenye mafuta. Ilinichukua wiki nzima kujua. Kila asubuhi kabla ya kufungua, Bi Mkubwa alikuwa anafukiza ubani na udi kwenye chetezo, akizunguka nacho duka lote, akisimama zaidi pale kwenye kompyuta kwa sababu ndizo zilizokuwa zinaleta riziki. Moshi ule mzuri ulikuwa unatua kwenye skrini na kuganda, siku juu ya siku, miaka minne.

Sasa utamwambiaje mtu mzima aache ubani wake? Nilimweleza kwa kuzunguka sana. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema ubani ulikuwepo kabla ya kompyuta na utakuwepo baada yake. Nikakubali, nikamuuliza kama kompyuta zinaweza kufunikwa wakati wa kufukiza.

"Yaani tuzivishe ushungi?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa. Kwa dakika kumi tu."

Akashona vifuniko vinane kwa mkono wake, vya kitambaa cheusi chenye tarizi pembeni. Wateja walikuja kuvitazama. Ule utando wa zamani niliutoa kwa maji ya betri yaliyotiwa tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa chenye unyevu, mkono mwepesi, kisha kitambaa kingine chenye maji matupu kuondoa sabuni, kisha kikavu. Skrini moja kwa siku. Siku ya nane Bi Mkubwa aliwasha zote kwa pamoja, akaona bahari kwenye picha ya mbele ni ya bluu, kumbe haikuwa ya kijani. Akakaa kitini akacheka mpaka akatoa machozi. Nikiulizwa siku gani kazi hii ilinifurahisha kuliko zote, ni hiyo.

Na ni hapo hapo nilipoanzisha lile kosa. Dumu la lita tano lilikuwa zito kulibeba kutoka meza hadi meza. Nikachukua chupa tupu ya maji ya kunywa, nusu lita, zimejaa mitaani bure. Nikatoboa kifuniko kwa sindano ya moto. Nikajaza maji ya betri. Ukiibonyeza inatoa matone mawili kwenye kitambaa, hayazidi. Ilikuwa rahisi, ilikuwa nyepesi, ilikaa vizuri mkononi. Sikuandika chochote juu yake. Yalikuwa maji, na duka lilikuwa na mimi na Bi Mkubwa tu. Nilijiona mjanja.

Nasra alizaliwa nikiwa Mchafukoge. Alipokaribia mwaka, Bi Mkubwa alichoka na ngazi na wateja, watoto wake wakamchukua Tanga, duka likafungwa. Nikaenda Kariakoo.

Duka la Mangi liko ghorofa ya tatu kwenye jengo moja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Anauza monita za mtumba. Zinakuja zimefungwa kwa nailoni, zikiwa na maisha ya watu wengine juu yake: stika za namba za ofisi, majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, kahawa iliyokauka, alama za vidole vya watu nisiowajua. Kazi yangu ni kuzifanya zisahau. Mangi aliniona nikifuta ya kwanza, akasimama nyuma yangu, kisha akaniletea kiti. Kwa Mangi, kiti ni sifa kubwa, yeye mwenyewe hakai.

Sitaki mumwone vibaya. Ni bosi mzuri. Nasra alipougua homa, alinipa ruhusa kabla sijamaliza kuomba, na jioni akapiga simu kuuliza. Desemba akienda kwao anarudi na ndizi kwa kila mtu wa ghorofa. Na alinisikiliza kwenye mambo ya kazi. Aliacha kuzipaka skrini ile silikoni ya dashibodi za magari, ambayo majirani wote walikuwa wanapaka ili zing'ae dukani, mteja akifika nyumbani anakuta zinashika vumbi kama gundi. Nilimwambia zetu hazitang'aa sana, ila mteja atarudi. Wakarudi. Mama mmoja anayekaanga samaki Feri alituletea skrini yake yenye tabaka la mafuta ya kukaangia, nene kiasi kwamba ukiandika jina lako linasomeka. Alikuwa ameshaambiwa na mafundi wawili ainunue nyingine. Niliirudisha katika nusu siku kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni. Kesho yake alikuja na vibua sita kwenye mfuko, akasema hajui tunashukuriwaje watu kama sisi.

Chupa yangu yenye tundu nilikuja nayo. Wenzangu wa maduka ya jirani wakaiona, wakaipenda, wakaiga. Ndani ya miezi miwili ghorofa nzima ilikuwa na chupa za matundu. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa natia maji. Wao walitia kila kitu. Huyu spiriti, yule thina, wa kona petroli ya kusafishia bodi za simu. Mangi naye akajaza ile dawa ya kung'olea gundi ya stika kwenye fremu, isiyo na rangi kabisa, utadhani imetoka bombani. Zote kwenye chupa za maji ya kunywa, zote na lebo za maji ya kunywa, zimesimama mezani pamoja na maji ya kunywa ya watu.

Mara ya kwanza nilimwambia Mangi kwa upole. Akasema kila mtu anajua chupa yake. Mara ya pili ilikuwa baada ya kuli mmoja, mwanaume mzima, kupandisha mzigo, akiwa anahema, akanyakua chupa mezani na kupiga funda la spiriti. Akatema, akasukutua, ghorofa nzima ikavunjika mbavu kwa kicheko. Jina lake likawa Spiriti mpaka leo, na akipita watu wanamuuliza kama ana kiu. Nilimwambia Mangi hili si la kucheka. Akasema lakini naye si atakuwa amejifunza. Mara ya tatu sikusema tu, niliandika mwenyewe SUMU kwenye utepe na kuubandika kwenye chupa za dukani kwetu. Baada ya siku mbili tepe zote zilikuwa sakafuni. Dawa ya kung'olea gundi ilikuwa inachuruzika pembeni na kung'oa gundi ya utepe. Ilikuwa inafanya kazi yake. Mangi alinionyesha huku anacheka, na nakiri na mimi nilicheka.

Halafu ikaja Jumanne. Mwalimu wa chekechea alikuwa amefiwa, darasa limefungwa, sina wa kumwachia mtoto. Mangi mwenyewe aliniambia mlete tu. Nikamkalisha kwenye boksi karibu yangu na kalamu zake za rangi. Niligeuka kuchomoa waya ukutani. Kuchomoa waya tu, jambo la kwanza kabisa nililofundishwa la usalama. Nilipogeuka tena chupa ilikuwa usawa wa kidevu chake.

Baada ya Mangi kusema lile neno lake, nilimuuliza mtoto angekunywa yeye angesemaje. Sauti yangu ilifika mpaka ngazini, watu wa maduka mengine wakaja mlangoni. Mangi hapendi kufokewa mbele za watu, nani anapenda. Akajibu taratibu.

"Mama Nasra, punguza. Kwani hizi chupa za matundu nani alizileta ghorofa hii?"

 Nilikuwa na hasira za kutosha kuangusha ukuta, na alikuwa amesema kweli. Nilimbeba mwanangu, nikamnawisha mikono na uso, nikamnusa mdomo kama kichaa, nikashuka naye hadi zahanati. Muuguzi akamwangalia koo, akanihakikishia hakuna kilichoingia. Akasema niwe naye karibu siku ile. Tulipotoka Nasra aliniambia ana kiu. Nikanunua maji dukani, yamefungwa, nikayafungua mwenyewe, na mkono wangu ukakataa kumpa chupa. Niliazima kikombe kwa muuza chai, nikamimina, nikaonja kwanza mimi.

Usiku ule sikulia wala sikugombana na mtu. Niliandika barua. Baba Nasra akauliza kama nimeshafikiria kwamba naweza kupoteza kazi. Nilikuwa nimefikiria. Asubuhi majirani wa ghorofa, ambao jana yake walinisikia nikisema nitamwandikia Meneja wa Jengo, wakanisubiri kwenye ngazi, kwa maneno laini: Mama Nasra, sisi ni familia, mambo ya hapa tunayamaliza hapa, ukipeleka barua kwa Meneja wa Jengo ataleta wakaguzi na wakaguzi hawaangalii chupa peke yake. Mmoja, mwenye duka la kona, akasema kwa kejeli kwamba siku hizi ukiazima wazo la mtu, kesho anakushtaki nalo. Wengine wakacheka. Nilimwambia wazo ni langu, na ndiyo maana.

Nilikwenda kwa Mangi kwanza. Sikutaka aisikie kwa watu. Aliisoma barua yote akiwa amesimama, polepole, akirudia mistari.

"Umeniweka wa pili."

"Wa kwanza ni mimi."

 Nilikuwa nasubiri aniambie nikusanye vitambaa vyangu. Akaikunja barua, akaikunjua tena.

"Kama unaandika, andika zote. Kuna mbili nyuma ya jenereta hujaziona. Thina. Nimezisahau toka Ramadhani."

Tukaenda kuzitazama. Zilikuwepo, zina vumbi, zina lebo za bluu. Nikazichukua, nikaongeza mstari kwenye barua, na Mangi akanipa kalamu yake.

Basi kabla sijaileta barua yenyewe, niseme neno kwa wanaoanza. Hii ni kazi nzuri. Watu watakwambia unafuta vumbi. Waache. Utakuwa mtu anayerudishia watu bahari yao ya bluu, na utakaa kwenye kiti cha bosi asiyekaa. Mimi miaka tisa sijaichoka, na nikiamka mzima nitaifanya mingine tisa. Lakini usalama tuliofundishwa ulikuwa wa skrini tu: amonia itaula utando, tone litaingia ukingoni, mkono usikandamize. Tunaihurumia ngozi ya skrini. Hakuna aliyetufundisha kujiuliza chupa tunayoiacha mezani anaweza kuikuta nani. Madam alijua, alifunga kabati, lakini hakusema kwa nini na mimi sikuuliza. Ulizeni.

Katibu Muhtasi wa Meneja wa Jengo, ghorofa ya chini, hakutaka kuipokea. Alisoma kichwa cha barua, akaniambia mambo ya chupa tu haya, subiri Meneja atoke umwambie kwa mdomo. Nikamwambia kwa mdomo nimeshasema mara tatu. Akauliza kama nina nakala. Nilikuwa nayo. Akagonga muhuri kwenye zote mbili, akaandika IMEPOKELEWA, akanirudishia moja. Ndiyo hii, kama ilivyo:

Meneja wa Jengo,
Ofisi ya Usimamizi, Ghorofa ya Chini.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KEMIKALI ZA KUSAFISHIA KUWEKWA KWENYE CHUPA ZA MAJI YA KUNYWA, GHOROFA YA TATU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msafishaji wa monita kwenye duka la kompyuta la ghorofa ya tatu. Jumanne ya wiki hii mwanangu wa miaka mitatu aliinua chupa ya maji yenye dawa ya kung'olea gundi akitaka kunywa. Hakunywa. Nakuandikia kwa sababu hakunywa, nisisubiri atakayekunywa.

Nawalalamikia wafuatao. Kwanza, mimi mwenyewe, kwa kuleta katika jengo hili mtindo wa kutumia chupa hizo na kutoboa vifuniko, na kuacha bila maandishi. Pili, mwajiri wangu, kwa kujaza chupa hizo dawa na kunipuuza nilipomweleza mara tatu. Amesoma barua hii, na yeye ndiye aliyenionyesha chupa mbili za thina nyuma ya jenereta ambazo sikuzijua. Tatu, maduka mengine ya ghorofa ya tatu, ambayo sitayataja kwa majina kwa sababu hakuna hata moja lisilo nazo. Nne, ofisi yako, kwa kupita ghorofani kila mwezi kukagua waya na milango bila kuuliza hata mara moja ndani ya chupa zile mna nini.

Naomba yafanyike haya. Kemikali zikae kwenye vyombo vilivyokuja navyo, na vyombo hivyo vikae kwenye kabati lenye kufuli. Asiyekuwa na kabati asiruhusiwe kuweka kemikali. Chupa za maji ya kunywa zitumike kwa maji ya kunywa. Na yule kuli aliyekunywa spiriti huku kila mtu akicheka, aitwe kwa jina lake, ambalo ni Hamisi.

Naambatanisha chupa yangu ya kwanza yenye tundu. Imeoshwa mara nyingi na haina kitu. Hata hivyo naomba mtu yeyote wa ofisi yako asiinywee.

Zuhura, mama yake Nasra,
msafishaji wa monita, ghorofa ya tatu.